Jina la Kwanza Kwenye Karatasi

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba simu zetu huwa hazitulii. Majina ya washindi wa Tuzo ya Nobel hutangazwa siku baada ya siku, na sisi tulio ughaibuni, mfano wa washabiki wa mpira ambao timu yao imekwishatolewa, bado tunatega sikio. Mwaka 2021 timu yetu ilikuwamo. Profesa Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja na mwalimu wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, alipewa ile ya fasihi, na kwa wiki nzima hapakuwa na mazungumzo mengine majumbani mwetu, hata kwa wale ambao hawajapata kufungua kitabu chake kimoja. Furaha ile ilikuwa haki yetu. Lakini zipo zile nyingine, za tiba, fizikia na kemia, ambazo hutangazwa siku chache kabla ya fasihi, na ambazo sisi huzipita kama tupitavyo maduka ya vitu tusivyonunua. Leo tunataka tusimame mbele ya duka hilo kidogo. Watoto wetu wamejaa katika vyuo vikuu vya nchi hizi, wengi wao katika sayansi, na ni vyema wazee wao tukajua heshima na fedha za huko zinavyogawiwa, na nani hubaki nje ya mlango.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya. Ukisoma kwamba profesa fulani "amepata milioni mbili", uliza: amepata, au amepewa ashike? Tuzo ni ya mtu. Ruzuku ni ya kazi. Fedha za ruzuku ya utafiti haziingii mfukoni mwa profesa, huingia katika akaunti ya chuo chake, na kila senti huandikiwa ilikokwenda: mishahara ya watafiti vijana, ada na posho za wanafunzi wa uzamivu, mashine, kemikali, safari za mikutano, na fungu la chuo chenyewe kwa ajili ya umeme, majengo na makarani. Hapa Uingereza, tangu 2005, mabaraza ya utafiti ya serikali hulipa kwa kawaida asilimia 80 ya gharama kamili ya mradi, na asilimia 20 iliyobaki chuo hujitafutia kwingine. Ndiyo maana si ajabu kumwona profesa aliyeshinda ruzuku kubwa akitembea ukumbini na uso wa mtu aliyekopa.

Kuipata ni kazi ya miezi. Mtafiti huandika ombi: swali lake ni lipi, atalijibu vipi, atahitaji watu wangapi na kwa muda gani, na kila kitu kitagharimu shilingi ngapi. Ombi hupelekwa kwa wataalamu wa fani ile ile, ambao majina yao hufichwa, nao hulisifu au hulichanachana. Kisha kamati hukaa mezani na kuyapanga maombi kwa safu, la kwanza hadi la mwisho, na mahali fedha zinapoishia pamekatwa mstari. Walio chini ya mstari ni wengi kuliko walio juu, na baadhi yao hawana kosa lolote. Wamekosa tu kwa sababu sufuria ni ndogo.

Sasa kamati ile, ikikuta maombi mawili yanayolingana, huangalia nini? Huangalia mwombaji ni nani. Amepata kupewa kabla? Ametambuliwa na nani? Ana nishani gani? Hapo ndipo tuzo na ruzuku zinapooana. Aliyepata tuzo hupata ruzuku kwa wepesi zaidi, mwenye ruzuku hufanya kazi nyingi zaidi, mwenye kazi nyingi hupata tuzo nyingine. Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliliandikia jambo hili makala mashuhuri mwaka 1968 na akalipa jina la Mathayo, kwa kuwa katika Injili hiyo imo habari ya aliye nacho kuongezewa na asiye nacho kupokonywa hata kile kidogo. Makala ilitoka kwa jina lake peke yake. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitokana na mahojiano ambayo mwanafunzi wake, Harriet Zuckerman, aliyafanya na washindi wa Nobel, na Merton mwenyewe baadaye alikubali kwa maandishi kwamba jina la bibi huyu lilistahili kuwamo. Walikuja kuoana. Msomaji atajichekea mwenyewe, sisi hatuongezi neno.

Sisi ni mhandisi, si mwanasayansi, na hatukupata kuomba ruzuku hata siku moja. Ila tumewahi kuishi ndani ya ruzuku. Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya shahada, tuliajiriwa kwa mkataba wa miaka mitatu katika maabara ya chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa nchi hii. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza chumba kidogo cha chuma kisicho na hewa ndani, ambamo joto lilitakiwa litulie bila kupanda wala kushuka hata sehemu ya mia ya nyuzi moja. Mwaka wa kwanza kilivuja. Mwaka wa pili kikaacha kuvuja lakini joto likawa linayumba kila mtu wa chini alipowasha mashine yake. Mwaka wa tatu kikatulia, vipimo vikachukuliwa, makala ikachapishwa ikiwa na majina manne. La kwetu lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani, limekosewa herufi. Mkataba ukaisha siku ile ile ruzuku ilipoisha. Miaka michache baadaye profesa wetu alivishwa nishani kwa ajili ya vipimo vile, na picha tukaiona katika jarida la chuo tukiwa tayari tumehamia kiwandani. Fundi mmoja mzee wa maabara ile, Mwingereza, alitwambia bila uchungu wowote: "Ndivyo ilivyo. Sisi hulipwa mshahara, wao hulipwa jina."

Tusemayo si malalamiko ya mtu mmoja. Twendeni Cambridge, mwaka 1967.

Msichana wa miaka ishirini na minne, Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Antony Hewish. Hewish alipata ruzuku ya kama pauni 17,000 kujenga darubini ya redio. Msifikirie kioo na bomba. Darubini ile ilikuwa shamba la ekari nne na nusu lililopandwa nguzo za mbao zaidi ya elfu moja, zikatandazwa nyaya ambazo ukiziunga zingefika maili 120. Bell na wenzake waliijenga kwa mikono, akipigilia nguzo kwa nyundo kwa miaka miwili. Ilipoanza kazi, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuiendesha na kuzisoma karatasi zake, karibu futi mia za mchoro kila siku, kwa macho. Katika michoro hiyo akaona alama ndogo isiyofanana na nyota wala na kelele za magari. Aliifuata. Ikaja kuonekana kuwa ni mapigo, moja kila sekunde 1.3 hivi, yenye mwendo sawa kuliko saa nyingi. Zikaitwa pulsa: mabaki ya nyota zilizokufa, zinazozunguka na kumulika kama mnara wa meli.

Makala ilitoka Februari 1968 ikiwa na majina matano. La Hewish lilikuwa la kwanza, la Bell la pili. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle, mkuu wa kundi lao. Bell hakuwamo. Mwanafalaki Fred Hoyle alipiga kelele hadharani, na kelele hizo hazijanyamaza hadi leo. Tuwe waadilifu: wazo la darubini lilikuwa la Hewish, ombi la ruzuku aliliandika yeye, na kama nguzo zile zingekosa kuona kitu, lawama ingekuwa yake. Bell mwenyewe alisema mwaka 1977 kwamba tuzo ya namna ile ikipewa wanafunzi wa utafiti itashuka thamani, isipokuwa kwa jambo la kipekee kabisa, na kwamba yeye hana kinyongo. Tunamheshimu kwa maneno hayo. Lakini tukiyasoma sisi ambao jina letu lilikosewa herufi, tunaona bibi mkubwa aliyeamua kutobeba mzigo, wala hatuoni kwamba mzigo haukuwapo.

Mwaka mmoja tu baada ya makala hiyo ya Cambridge, ikatoka nyingine, fupi, katika jarida la walimu wa fizikia liitwalo Physics Education. Hii ilitoka kwetu, na hapa ndipo tulipotaka kufika.

Habari yake inaanzia Sekondari ya Magamba, kule milima ya Lushoto, Tanganyika ya mwaka 1963. Vijana wa skuli walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alipoona wenzake wanaimaliza, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. (Wasomaji wetu wa Pemba wasianze kufanya sherehe: hilo ni jina lake tu, kisiwa hakihusiki.) Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka baridi yangali uji. Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akawauliza wauza aiskrimu wa Tanga, nao wakamwambia wao siku zote huweka ya moto ili yawahi. Tazama elimu ilipokuwa imekaa: mtaani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, na mwalimu wa huko akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likaushika mzaha ule. Kila akikosea hesabu, wanasema ni hesabu ya Mpemba. Kisha siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ule kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki: Dk. Denis Osborne, Mwingereza, mwalimu wa fizikia. Baada ya mhadhara, maswali. Mpemba akasimama na lile lile lake: maji mawili sawa, moja la nyuzi 35 na moja la nyuzi 100, yakitiwa kwenye friza, kwa nini la nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, au kama alicheka alicheka kwa ndani. Alimuuliza kama kweli amelijaribu, na aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara alipime. Fundi akaleta jibu kwamba kweli la moto limetangulia, lakini akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Sisi mafundi wa maabara tunamjua vizuri sana mtu huyu.

Walirudia, na jibu likabaki lile. Sasa fikirini nafasi aliyokuwa nayo Osborne. Yeye ndiye msomi, yeye ndiye mwenye maabara, yeye ndiye mwenye fundi, friza na vipimo. Kwa desturi ya vyuo vikuu angeweza kuandika makala kwa jina lake, na mwishoni akaweka mstari wa shukrani kwa "mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyetutanabahisha". Hakuna ambaye angemlaumu, kwani huo wenyewe ungeonekana ni ukarimu. Badala yake makala ya 1969 ilitoka na majina mawili, la E. B. Mpemba kwanza, la D. G. Osborne pili. Wala si jina tu. Nusu ya kwanza ameiandika Mpemba mwenyewe kwa maneno yake, pamoja na mzaha wa mwalimu na vicheko vya darasa. Osborne ameandika nusu ya pili, ya vipimo. Nishani za dunia ni nyingi, na baadhi tumezishika mkononi tukazipima uzito, lakini hatujaona heshima ambayo mwanasayansi wa chuo kikuu amempa mtu wa chini yake iliyo kubwa kuliko mpangilio ule wa majina mawili.

Kwa sababu jina lilikuwa pale, likabaki. Watu wa sayansi wakaliita jambo lile athari ya Mpemba. Walikwishaligusia wakubwa wa zamani, Aristotle, Bacon na Descartes, na hakuna aliyelishikilia mpaka likaitwa kwa jina la kijana wa Magamba.

Yeye mwenyewe hakwenda fizikia. Wakati makala inatoka alikuwa katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, na maisha yake ya kazi aliyamalizia katika uhifadhi wa wanyama. Hakuna kamati iliyompangia safu, hakuna ruzuku iliyomfikia, na kwa miaka arobaini na zaidi swali lake lilizunguka dunia bila yeye. Osborne alikuja kuwa balozi wa Uingereza nchini Malawi. Mwaka 2012, chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano: atakayelieleza vizuri zaidi jambo la Mpemba atapewa pauni 1,000. Maelezo zaidi ya 22,000 yakamiminika kutoka duniani kote. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb. Mpemba na Osborne, wazee sasa, walialikwa London na kukaa pamoja kuwasikiliza watu wakishindana juu ya aiskrimu ya Magamba. Pauni elfu moja zilikwenda kwa aliyejibu. Tunaona ni sawa, ndivyo shindano lilivyoandikwa. Ila msomaji anaruhusiwa kukuna kichwa.

Tusifiche kwamba jambo lenyewe bado lina mabishano. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Imperial na Cambridge walipima upya kwa makini na kusema maji ya moto hayapoi haraka kuliko ya baridi, na kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kwa sentimita moja tu chaweza kuleta jibu la uongo. Kama mhandisi tunasema: kweli kabisa, kipimajoto ni mnafiki, kinasema habari za pale kilipo na si za chombo kizima. Lakini wakati hao wanalizima, wengine wameliwasha upande mwingine. Mwaka 2017 ikatoka nadharia kwamba hali hiyo yaweza kutokea katika mifumo mingi mbali na maji. Mwaka 2020 wanafizikia wa Simon Fraser, Canada, wakaionyesha kwa chembe ndogo sana iliyosukumwa kwa mwanga wa leza. Mwaka 2024 ikaonyeshwa Innsbruck, Austria, katika atomu zilizonaswa moja moja, na makala ikalitaja jina la Mpemba katika kichwa chake. Kazi hizi si za bure. Zina ruzuku, zina wanafunzi wa uzamivu, na wapo vijana wa Ulaya na Amerika leo hii wanaopata shahada kwa kusoma swali la mtoto aliyekuwa anawania nafasi ya friza.

Sasa turudi kwetu, maana haya yote tumeyaleta kwa sababu.

Jumuiya yetu hapa mjini ina mfuko mdogo wa elimu. Kila mwaka huandaliwa chakula cha jioni, ukumbi hukodiwa, pilau hupikwa, na kijana aliyefanya vizuri chuoni hupewa ngao yenye jina lake na bahasha. Miaka mitatu iliyopita ngao ilikwenda kwa binti wa mwenzetu, aliyepata daraja la kwanza katika fizikia. Tulipiga picha, tulimwaga machozi, mama yake alipiga vigelegele mpaka wenye ukumbi wakaja kuuliza kuna nini. Mwezi uliofuata binti yule alipata barua mbili. Moja ilisema amekubaliwa kwa uzamivu. Ya pili ilisema nafasi haina fedha, kwani ruzuku ya profesa wake ilikuwa chini ya mstari. Tulimkuta msimu huu wa kiangazi nyuma ya dirisha la benki. "Shikamoo ami," akatwamkia kwa adabu zake zote. Tulipomwuliza habari ya masomo, akatabasamu. "Ngao ipo sebuleni, ami. Mama huifuta vumbi kila Ijumaa."

Alikuwa amekosa nini? Si heshima, heshima tulimpa. Alikosa mwaka mmoja wa kujikimu wakati profesa anaomba tena. Wanaogawa tuzo kwa akili wanalijua hilo. Dk. Faith Osier, Mkenya aliyetafiti kinga ya malaria katika kituo cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi, mwambao wetu wenyewe, alipopewa tuzo ya Royal Society kwa wanasayansi wa Afrika mwaka 2014, fungu la tuzo hiyo lilikuwa pauni 60,000 za kazi yake na 5,000 zake yeye. Wametia heshima na nauli katika bahasha moja, na nauli ndiyo kubwa.

Na Jocelyn Bell, ambaye sasa ni Dame Jocelyn Bell Burnell? Mwaka 2018 alipewa tuzo maalumu ya fizikia ya Breakthrough, dola milioni tatu, zaidi ya zile walizogawana wakubwa wake wa 1974. Alizitoa zote. Alizikabidhi kwa chama cha wanafizikia, Institute of Physics, ziwe mfuko wa kusomesha wanafunzi wa uzamivu wa fizikia katika Uingereza na Ireland kutoka makundi yasiyoonekana sana katika fani hiyo: wanawake, watu wa makabila ya wachache, wakimbizi. Someni orodha hiyo tena polepole na mtazame nani ameketi mezani kwenu wakati wa futari. Mfuko upo, unafanya kazi, na maombi yake hupitia idara ya fizikia ya chuo husika. Binti yetu wa benki hakuwa ameambiwa na mtu yeyote. Tumempelekea maelezo, naye amemwandikia profesa wake wa zamani.

Katika kikao cha kamati cha mwezi uliopita tulitoa pendekezo kwamba fedha za ukumbi na pilau, ambazo ni nyingi kuliko bahasha, zigeuzwe ruzuku ndogo: nauli ya kwenda usaili, ada ya maombi, kodi ya miezi michache kwa kijana aliye kati ya barua mbili. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alipinga. Alisema, "Bwana mhandisi, watoto hawa wanadharauliwa huko nje kutwa. Usiku mmoja tu wanavikwa kilemba mbele ya wazee wao, na huo nao mnataka kuukata?" Hatukuwa na jibu la haraka, na hata sasa tunaona ana haki kwa sehemu. Mpemba naye alihitaji mtu asimame mbele ya darasa asicheke. Labda chakula kipungue kiwe chai na vitumbua msikitini, ngao zibaki, na kilichookolewa kiende kwenye fomu. Fomu tumekwishaiandika, ni ukurasa mmoja: unataka kufanya nini, kitagharimu kiasi gani, na ni nani mwingine aliyeifanya kazi hii pamoja nawe. Swali la tatu wajumbe walitaka liondolewe, wakidai halihusiani na fedha. Tumelirudisha.

Mfuko una pauni 3,400. Mkutano wa kuamua ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, ukumbi ule ule wa siku zote. Anayetaka chakula cha jioni kiendelee kama kilivyo naye aje aseme, na aje na makisio ya gharama.